Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makaburi, Mikoko na Jina la Tongoni

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, asalaam aleikum.

Taarifa hii ilipaswa kusomwa kabla ya masika. Imechelewa kwa uzembe wa mwenyekiti, na kwa kuwa mwenyekiti ndiye anayeisoma, naomba radhi mapema ili tuendelee.

Nianze na swali lililoulizwa na kijana mmoja kwenye kikao cha pili: jina la kata yetu, Tongoni, lina maana gani? Nusu ya kikao kilicheka, maana mtaani tongo ni ule uchafu wa macho ya asubuhi. Lakini kijana aliuliza la maana. Tongo kwa Kiswahili cha zamani ni mji uliohamwa, yaani mahame. Waliotuita hivyo walikuta kuta zimesimama na watu hawapo. Mji wenyewe ulipokuwa hai uliitwa Mtangata, na ghuba bado inalibeba jina hilo. Kwa hiyo sisi tunaoishi hapa, tunaolima mihogo, kukwea minazi na kuvua, tunaitwa kwa jina la mahali pasipo na mtu. Kwenye makaratasi tumo ndani ya Jiji la Tanga, ila mgeni anayeteremka garini kwenye barabara ya Pangani, kilometa zisizofika 20 kutoka mjini, akianza kulitafuta jiji atalitafuta mpaka jua litue.

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa makaburi. Mnajua yapo zaidi ya 40 kuuzunguka msikiti wa kale, na wataalamu wanasema hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya kale namna hii pamoja. Mengi ni ya karne ya 14 na ya 15, mji ulipokuwa na biashara yake. Kamati ndogo ilipewa daftari, futi kamba na simu ya kupigia picha, ikaambiwa ipite kaburi kwa kaburi bila kugusa kitu.

Nami nilikwenda nao siku ya kwanza. Nimezaliwa hapa na nimecheza kwenye magofu yale tangu sijaota meno ya ukubwani, lakini nakiri kwamba sikuwahi kuyatazama. Kuna kaburi ambalo kwenye ukuta wake, karibu usawa wa kifua, pana mashimo ya duara yaliyosawazishwa vizuri kwa chokaa. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukificha embe humo. Kumbe ni makao ya bakuli na sahani za ng'ambo zilizopachikwa ukutani kumpamba marehemu. Sahani zimeng'olewa zamani, kimebaki kiota. Ukiingiza kidole unaisikia alama ya ukingo wa bakuli ndani ya chokaa, laini kama mdomo wa kikombe. Nguzo za makaburi nazo nyingi zimeanguka, vipande vyake vimelala kwenye majani.

Hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza. Kwenye ukuta mmoja tulikuta kiraka kipya cha saruji. Aliyekiweka ni mwenzetu, nia yake ilikuwa njema, na jina lake silitaji. Lakini jiwe la matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, wakati saruji ni ngumu, inafungia maji na chumvi ndani, na mwishowe jiwe la pembeni ndilo linalomung'unyika. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kila kilichojengwa kabla ya 1863. Hatuna ruhusa ya kupaka hata kijiko cha udongo. Ukiona ufa, andika na upige picha, kisha tuwapelekee wahusika.

Palikuwa na mjadala mkali kuhusu wanaokuja kutambika. Wapo waliotaka tuwazuie wanaoacha ubani na vitambaa makaburini, kwa hoja za dini, na wapo waliojibu kwamba bibi zao walifanya hivyo na mji haukudidimia. Chama hiki si baraza la masheikh. Tulichokubaliana ni kimoja tu: moto usiwashwe chini ya ukuta.

Sasa niseme kuhusu historia tunayowasimulia wageni. Mwaka huu nimewasikia vijana wetu wakitembeza watu magofuni, na kila mmoja anaanza na Vasco da Gama, yule nahodha Mreno, tena wengine wanasema alijenga msikiti! Jamani. Yaliyotokea yanatosha kusisimua bila kuongezewa chumvi. Mwezi Aprili 1498, kabla hajafika Mombasa, moja ya meli zake, São Rafael, ilipanda mwamba mbele ya pwani hii kabla ya alfajiri. Maji yalipojaa ikaelea tena. Ilipokuwa imekwama, wenyeji waliwaendea kwa vyombo, na kimoja kilikuwa kimejaa machungwa ambayo Wareno wenyewe waliandika kuwa ni matamu kuliko ya kwao. Ile milima tunayoiona magharibi kukiwa kweupe, Usambara, wakaipa jina la meli yao.

Mwaka uliofuata, Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, walitia nanga palepale. Kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi mno, wakawa hawana mikono ya kutosha kuendesha meli tatu. São Rafael ikachomwa moto hapa. Walikaa takriban wiki mbili, na watu wa mji ambao Wareno waliuandika kwa jina la Tamugata, bila shaka Mtangata, waliwapelekea kuku wengi kubadilishana na mashati na bangili.

Mimi hapo ndipo ningemsimamisha mgeni. Machungwa yale yalitoka kwenye shamba la nani? Kuku wale walifugwa na kina mama gani? Mji ulikuwa na vyombo, bustani na akili ya kuuza bei ya kiangazi kwa mtu mwenye njaa. Msikiti ulikuwa umesimama. Meli ilipita tu, na ikaungua. Tusimuliwe sisi kwanza, Mreno afuate.

Vilevile tupunguze kusema kwamba wazee wetu wote walitoka Shirazi kwa sababu ya kile kigae chenye maandishi ya Kiajemi, ambacho msafiri Mwingereza Richard Burton alikiandikia alipopita hapa mwaka 1857. Kigae husafiri na biashara kama zile bakuli za Kichina zilivyosafiri, na hakuna anayedai kuwa sisi ni Wachina.

Nije kwenye bahari, ambako mwaka huu tulipata aibu. Mawimbi yanakula ukingo wa eneo la magofu, na pale mikoko ilipokatwa yanakula kwa kasi zaidi. Tukaamua kupanda. Tulikusanya zile mbegu ndefu za mkoko, vijana wakazichomeka mstari kwa mstari kwenye mchanga ulio wazi mbele ya magofu, tukapiga picha na kushangilia. Kusi ikaingia. Ilipotulia, palikuwa peupe kama kiganja.

Bibi mmoja anayechokoa pweza upande ule alikuwa ametutazama tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Mwanangu, mlikuja na kipaza sauti, ningesikika?" Kisha akanionyesha. Mkoko hutaka tope, mahali maji yanapoingia kwa utulivu. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, mwenye kustahimili ni mlilana, na mchu kwa baadhi ya sehemu, nayo ni miti ya jamii ya mikoko. Tena, akasema, pale penye visiki vya mililana ya zamani msipande kitu, zuieni tu watu wasikate, mbegu zitaletwa na maji. Tumefuata maneno yake katika kipande kidogo tulichokizungushia kamba, na miche imeanza kuchomoza yenyewe. Kamati imependekeza awe mshauri wetu. Amekubali, kwa sharti kwamba vikao visiangukie siku za bamvua, kwa kuwa hizo ndizo siku zake za kazi.

Wengine mmeuliza faida ya kuwa ndani ya Hifadhi ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya samaki huyo wa kale kuanza kunaswa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu nje ya pwani yetu. Swali ni la haki, hasa kwa wavuvi waliobanwa na masharti, na kikao chake tutakiitisha peke yake. Sitaki kulijibu kwa aya moja.

Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina. Mimi ninasema tu kwamba ada zimekusanywa kwa kusuasua, na wanaodaiwa tunajuana.

Kamati ya makaburi bado haijamaliza upande wa baharini, kwa sababu kuna mawe yanayoonekana maji yakitoka sana tu, na hatujui kama ni makaburi au ni ukuta ulioanguka. Tutakwenda kuyapima siku ya bamvua ijayo, alfajiri. Bibi ameshatuambia hatakuwepo. Mje na viatu vya kukanyagia mwamba, na futi kamba ya pili, maana ile ya chama imeliwa na kutu.