Kabla ya kutuma malipo ya awali, dai jina la meli na namba yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua kuhusu matangazo ya safari fupi za meli za kitalii yanayozunguka kwenye makundi ya simu hapa Mbeya, na Iringa, Njombe na Songwe pia. Tangazo huwa na picha ya meli nyeupe yenye mabwawa ya kuogelea, maneno "usiku 3, siku 4", bei inayoanza na neno "kuanzia", na namba ya simu ya kupokelea malipo ya awali. Jina la kampuni ni geni masikioni. Jina la meli halipo kabisa.

Kampuni kuwa ngeni si kosa. Ila vikundi vya kuweka na kukopa, walimu wanaojipanga kwa likizo ya Desemba na wastaafu wanaotaka kuiona bahari wasitume hata shilingi moja kabla ya kupata mambo matatu kwa maandishi: jina la meli na namba yake ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), masharti ya mkataba wa abiria, na gharama yote iliyochambuliwa kifungu kwa kifungu. Nawe Mhariri, tunakuomba gazeti lako lisipokee tangazo la safari ya meli lisilotaja meli yenyewe.

Tuanze na namba, kwa sababu ndiyo isiyojulikana na wengi. Namba ya IMO ina tarakimu 7. Meli hupewa inapojengwa na hukaa nayo hadi siku inapokatwa kuwa chuma chakavu. Mmiliki akibadilika, jina likifutwa, bendera ikishushwa ikapandishwa nyingine, namba ni ile ile. Kampuni changa iliyonunua meli kuukuu na kuipaka rangi mpya haiwezi kuficha ilikotoka.

Unaweza kuijaribu namba hiyo kwa kalamu na karatasi. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba ya namba yenyewe. Chukua MSC Musica, meli iliyowahi kufanya safari za Durban, yenye namba 9320087. Unapata 63, 18, 10, 0, 0 na 16. Jumla 107, inaishia na 7, na namba nayo inaishia na 7. Jaribio hili halikuambii kama meli ni nzima. Linakuonyesha tu kama mtu amejitungia tarakimu kichwani. Ikipita, itafute kwenye Equasis, hifadhi ya taarifa za meli iliyoko kwenye intaneti. Unajisajili bila malipo, kisha unaona mwaka wa kujengwa, bendera, mmiliki na kumbukumbu za ukaguzi bandarini. Bendera ya Panama, Bahama au Malta isikutishe, maana meli nyingi za kitalii duniani zimesajiliwa huko.

Wakala wa hapa nchini naye apimwe. Angalia kama kampuni yake imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na fedha ziende kwenye akaunti yenye jina la kampuni hiyo, si la mtu binafsi. Ukishatoa malipo ya awali unatakiwa kupata namba ya buking. Ichukue, kisha wasiliana mwenyewe na kampuni yenye meli kupitia tovuti yake uthibitishe kwamba jina lako lipo. Wakala akisema namba itatoka baada ya kumaliza kulipa zote, simama hapo hapo.

Sasa bei. Kwa watu wa ukanda huu safari fupi iliyo rahisi kuifikia ni ile ya usiku 3 au 4 kutoka Durban kwenda pwani ya Msumbiji. Kwa miaka mingi safari hizo zimekuwa zikifanyika majira ya joto ya kusini, takriban Novemba hadi Aprili. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, kwa hesabu kwamba mko wawili chumbani, na ni ya chumba cha ndani kisicho na dirisha. Anayesafiri peke yake anaweza kutozwa karibu nauli mbili. Tufanye hesabu ya mfano tu, isiyo bei ya kampuni yoyote: nauli dola 250 kwa kila mmoja, wawili 500. Tozo za bandari dola 90 kila mmoja, 180. Bahashishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huikata zenyewe kila usiku kwa kila kichwa, dola 12 mara usiku 3 mara watu 2, ni 72. Umefika dola 752, yaani 376 kwa mtu, nusu zaidi ya bei ya tangazo, na bado hujanunua soda. Chakula cha ukumbi mkuu na burudani za jioni kwa kawaida vimo kwenye nauli. Vinywaji vya chupa, intaneti, matembezi ya nchi kavu, migahawa maalumu na daktari wa meli havimo. Ndiyo maana tunadai uchambuzi: kila kifungu kiandikwe "kimo" au "hakimo".

Tarehe za malipo nazo zinaumiza watu. Kampuni nyingi hutaka salio lote limalizwe siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka. Safari ya katikati ya Desemba maana yake salio linadaiwa kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba. Mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe ambaye fedha zake hazijaingia wakati huo atapoteza nafasi na malipo ya awali pamoja. Ukijitoa, makato hupanda kadiri siku zinavyosogea, hadi kufikia asilimia 100 siku za mwisho. Jina nalo liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kulisahihisha baadaye hutozwa, na kubadilisha mtu mara nyingi huhesabiwa kama kujitoa.

Kwenye mkataba tafuta kwanza kifungu cha kubadili ratiba. Karibu kampuni zote hujipa haki ya kuruka bandari bila fidia, au kwa kurudisha tozo za bandari hiyo peke yake. Kwa safari za Msumbiji hili si jambo la kinadharia. Kwenye visiwa na fukwe zisizo na gati, meli hutia nanga mbali na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka, nahodha hafungui mlango. Safari yenye kituo kimoja tu inageuka kuwa siku tatu za kukaa majini. Anayekwenda kwa ajili ya ufukwe ajue hivyo mapema, na tunaona ni halali kabisa kumuuliza wakala ni nini hutokea siku hiyo.

Wenzetu wa Kyela na Ludewa wanaujua upepo wa mwera unavyolichafua Ziwa Nyasa. Pwani ya Durban ina shida yake: mkondo wa Agulhas unashuka kwa nguvu kuelekea kusini-magharibi, na upepo wa kusini-magharibi ukiuvumia uso kwa uso, mawimbi yanakaribiana, yanapanda juu na kuwa makali. Kwa sababu hiyo chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, kinayumba kidogo kuliko cha mbele au cha juu chenye baraza. Wanunuzi wa mara ya kwanza hulipa zaidi wapande juu, kisha ndio wanaotapika. Epuka pia chumba kilicho chini kabisa ya bwawa au ukumbi wa muziki. Viti vinaburutwa alfajiri juu ya kichwa chako. Dawa ya kichefuchefu kama cinnarizine humezwa muda wa saa mbili hivi kabla ya mtikisiko. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Mweleze mfamasia dawa nyingine unazotumia.

Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90, wala Msumbiji kwa ziara fupi. Hata hivyo kampuni nyingi za meli hutaka pasipoti iwe na miezi 6 zaidi baada ya tarehe ya kurudi, na wakikukataa kwenye kaunta fedha hazirudi. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Mjamzito aliyefikisha wiki 24 hukataliwa na kampuni nyingi. Kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, haifanyi kazi melini, kwa hiyo kata bima ya safari inayotaja waziwazi matibabu baharini na kuhamishwa mgonjwa. Helikopta ya kumtoa mgonjwa melini ni gharama inayoweza kuimaliza nyumba.

Usipange kufika Durban siku ile ile ya kuondoka. Ukungu kwenye uwanja wa ndege wa Songwe unaweza kuizuia ndege asubuhi. Kwa barabara, lori moja likilala kwenye mlima Kitonga basi la Dar es Salaam halisogei. Ukichelewa Dar umeikosa ndege ya Johannesburg, na ya Durban nayo imekwenda. Ondoka Mbeya siku mbili kabla. Mlango wa bandari hufungwa dakika 60 hadi 90 kabla ya meli kuondoka, kwa kuwa orodha ya abiria inatakiwa ikamilike na kukabidhiwa kabla ya kamba kufunguliwa.

Orodha hiyo sisi Watanzania tunapaswa kuipenda. Mtu akisikia neno meli hapa kwetu anakumbuka MV Bukoba ya Mei 1996 na MV Nyerere ya Septemba 2018, ambapo watu walihangaika siku kadhaa kujua ni wangapi hasa waliokuwa wamepanda. Kwa meli za kitalii somo jingine, la zoezi la dharura, lilikuja na Costa Concordia, iliyogonga mwamba kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa Januari 13, 2012, wakafa watu 32. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi la dharura. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Nenda mwenyewe hadi kituo chako cha kukusanyikia, kwa miguu na kwa ngazi, si kwa lifti. Hesabu milango kutoka chumbani kwako hadi kwenye ngazi, maana moshi ukijaa utapapasa ukutani. Ishara ni honi fupi 7 au zaidi, kisha moja ndefu. Meli inayokuambia zoezi litafanyika kesho yake, iripoti.

Mizigo mikubwa huchukuliwa na wapagazi bandarini na huenda ikakufikia jioni. Dawa, pasipoti, miwani na nguo ya kubadili vikae kwenye begi la mkononi. Pasi, birika la umeme, hita ya maji na mishumaa hunyang'anywa kwa sababu ya hatari ya moto. Wapendao kujichemshia chai wajue hilo. Sweta unalovaa kwenye baridi ya Uyole libebe, kwani vyumba vya meli vina kiyoyozi kikali hata nje kukiwa na joto la kutoa jasho. Nawa kwa maji na sabuni kila kabla ya kula: virusi vya kuharisha vinavyosumbua melini, norovirus, haviondoki vizuri kwa vitakasa mikono vya spiriti. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni mara gati linapopotea machoni, la sivyo itajiunga na mtandao wa satelaiti wa meli na bili utaiona nyumbani.

M-Pesa haitakusaidia kule. Matumizi yote huandikwa kwenye kadi ya chumba, nayo inaunganishwa na kadi ya benki au amana ya fedha taslimu. Pita tawini kwako kabla ya safari, waruhusu kadi itumike nje ya nchi. Ukitumia kadi ya akaunti ya kawaida, meli huzuia kiasi fulani mapema, na kiasi kilichozuiwa kinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa, kwa hiyo nauli ya kurudi Mbeya isikae kwenye akaunti hiyo. Amana ya fedha taslimu ni nzuri zaidi kwa anayeanza. Ikiisha, unajua imeisha.

Usiku wa mwisho mabegi huwekwa nje ya mlango. Bakiza nguo na viatu vya kushukia. Kisha pita kaunta ya mapokezi usiku huo huo, uombe bili yako, uisome mstari kwa mstari. Soda mbili usizokunywa au matembezi yaliyofutwa na bado yameandikwa hufutwa pale pale ukiwa umesimama mbele ya mhudumu. Ukishashuka, fedha zimekatwa na dai lako linakuwa la barua pepe kwa ofisi iliyo nchi nyingine.

Wenu,
Mawakala wa safari,
Mbeya Mjini