Tuiteni tuone vipimo kabla hamjatuambia ndugu amefariki

Mhariri,

Mdogo wangu alikuwa anaendesha bodaboda hapa Nkuhungu. Mwezi wa sita aligongwa na lori usiku, barabara ya Singida. Siku ya tatu daktari alitukuta koridoni, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, akasema, "Ubongo umekufa." Mama akauliza, "Na mwenyewe je?"

Tulikuwa tumetoka kumshika mguu. Una joto. Kifua kinapanda, kinashuka. Baba mdogo, aliyekuja na basi la alfajiri kutoka Mpwapwa, akasema hawa wanataka kitanda chao. Mwingine akanong'ona kwamba wanataka figo zake. (Upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili 2017 ni wa figo za ndugu walio hai. Nimelijua hilo baadaye. Siku ile hakuna aliyetuambia.) Tukakataa mashine ya kupumulia kuzimwa, na maneno makali yalitoka pande zote mbili.

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyetuokoa. Vipimo vya ubongo viliporudiwa, aliomba niingie. Daktari aligusa jicho kwa ncha ya pamba, halikupepesa. Akamulika tochi. Akaingiza maji ya baridi sikioni. Macho yakabaki palepale. Kisha mashine ikatolewa, oksijeni ikiendelea kupita kwenye mpira, tukatazama kifua. Dakika zilikaribia kumi. Nilikuwa nahesabu, namwambia kimoyomoyo vuta, mdogo wangu, vuta hata mara moja. Hakuvuta.

Ndipo nikaelezwa kwamba moyo hujiendesha wenyewe, ukipata hewa unaweza kudunda kwa muda ingawa ubongo umekwisha. Joto la mguu lilitoka huko. Nikatoka, nikamwambia mama, "Amefariki." Neno ubongo sikulitaja.

Msituone washamba. Marekani, wenye kila mashine, mwaka 2013 mama wa Jahi McMath, binti wa miaka 13 huko California, alikataa kauli ya madaktari kama hiyohiyo, akamhamishia New Jersey, ambako sheria inaheshimu pingamizi la imani. Mvutano ule ulifika 2018.

Ninaloomba hospitali zetu ni hili: ndugu mmoja anayejiweza aingie, aelezwe kila kipimo kabla hakijafanyika. Daktari atamke "amefariki", tusiachiwe fumbo. Na kiti kiwepo. Mama yangu alipewa habari ile amesimama, kashikilia ukuta.

Dada wa marehemu,
Nkuhungu, Dodoma