Chuo cha walimu wa chekechea kiwe na watoto wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafunzo ya walimu wa chekechea, au vidudu kama wengi wetu Mombasa tulivyozoea kusema. Mwaka jana binti wa ndugu yangu alimaliza masomo yake katika chuo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja, akiwa na daftari zilizojaa nadharia za makuzi ya mtoto. Siku ya kwanza kazini alikabidhiwa watoto wa miaka minne wapatao 40, nusu yao wakilia, naye akanipigia simu saa nne asubuhi akilia pia. Chuoni kwao hapakuwa na mtoto hata mmoja, na muda aliopelekwa nje kufanya mazoezi ulikuwa wa wiki chache tu.

Mambo hayakuanza hivyo, wala si hapa petu tu. Huko Deptford, uliokuwa mtaa wa mafukara wa London, ndugu wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua zahanati ya watoto mwaka 1910, na mwaka 1914 wakaanzisha shule ya watoto wadogo katika uwanja wa wazi, ambapo watoto waliogeshwa, wakalishwa, wakalazwa mchana na kuachwa wacheze bustanini. Rachel alifariki mwaka 1917. Margaret aliendelea na kazi, akiwafunza ualimu wasichana waliokuja kuishi na kufanya kazi miongoni mwa watoto hao, akishikilia kwamba mafunzo yao yachukue miaka mitatu, na mwezi Mei 1930 Malkia Mary akafungua jengo la chuo kilichopewa jina la Rachel. Tazama mpangilio wake: shule ya watoto ilitangulia chuo kwa miaka 16. Katika miaka ya 1970 chuo hicho kilimezwa na Goldsmiths, chuo kingine kikubwa cha London, lakini shule ya watoto ingali ipo mpaka leo.

Hapa kwetu njia ilikuwa hiyo hiyo, ingawa hatukuiga kwa mtu. Viongozi wa Kiislamu wa Pwani walipoona kwamba watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, walimwendea Aga Khan kuomba msaada, na kufikia mwaka 1986 mpango wa chekechea za madrasa ulikuwa umeanza Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walioujenga tangu mwanzo. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Sisi tuliolelewa Mombasa neno “chuo” tulilijua kwanza kwa maana ya mahali pa kusomea Kurani, kwa hiyo kwa wazazi wetu halikuwa jambo geni kwamba chuo ni pahali penye watoto. Walimu wengi walikuwa kina mama wa mtaa ule ule, na mkufunzi aliwafuata darasani, akaketi nao mkekani, akawaonyesha namna ya kufundishia hesabu kwa vifuu, kokoto na vifuniko vya chupa, na namna ya kutumia nyimbo na hadithi ambazo watoto walikuwa wakizisikia nyumbani.

Serikali nayo ilianzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo mwaka 1984, chini ya Taasisi ya Elimu, kisha vituo vya wilaya vikafuata. Mwalimu alifundisha muhula mzima, akaenda kusoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba kwa miaka miwili. Mimi nilipitia njia hiyo. Swali nililomuuliza mkufunzi mwezi wa Agosti lilikuwa limenisumbua darasani tangu Mei, na jibu lake nililijaribu Septemba, kwa mtoto yule yule.

Tangu Katiba ya 2010 ikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, madarasa mengi yamejengwa, na nashukuru kwa hilo. Ninachoiomba Kaunti ya Mombasa ni kwamba, inapoajiri, iulize mwombaji amekaa na watoto muda gani, na chuo chochote kinachotaka kuleta wanachuo wake katika shule za kaunti kikubali kwamba watakuwa humo kila wiki tangu muhula wa kwanza, pamoja na mkufunzi wao. Penye uwezekano, chuo kiwe na chekechea yake uani, na watoto wa mtaa huo wasome humo.

Yupo mwalimu mpya Kisauni ambaye sasa naenda kukaa naye darasani kila Jumanne, naye ni huyo binti wa ndugu yangu. Kaunti ikipanga utaratibu kama huo kwa wengine, nitajitolea asubuhi mbili zaidi kwa wiki bila malipo, na wako wastaafu wenzangu walioniambia watafanya vivyo hivyo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa chekechea,
Kisauni, Mombasa