Salamu za Pasaka: Nani Atatuvingirishia Lile Jiwe?

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kwa furaha ya Pasaka: Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli! Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha katika siku 40 za Kwaresima na katika Juma Kuu lote, akatufikisha asubuhi hii, ingawa si sote tuliopakwa majivu siku ile ya Jumatano ndio tuliofika.

Mama yangu alilala katika Bwana katika juma la tatu la Kwaresima, baada ya mwaka wa maradhi uliotumalizia nguvu na akiba. Nilipofungua Biblia yake juzi, niliikuta miwani yake ndani, mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, kwenye Marko 16. Chini ya aya ya tatu alikuwa amepiga mstari wa penseli, nao unayumba, kwa hiyo najua aliupiga siku za mwisho, mkono ulipokwisha kuanza kutetemeka. Miwani nimeirudisha palepale.

Aya hiyo ni swali la Mariamu Magdalene, Mariamu mamaye Yakobo na Salome, wakiwa njiani alfajiri: “Ni nani atakayetuvingirishia lile jiwe mlangoni pa kaburi?” Miaka yote nimeipita haraka nikiwahi habari njema inayofuata, lakini safari hii nimekwama hapo. Wanawake wale walijua kwamba kulisogeza jiwe lile kulizidi uwezo wao, na bado Sabato ilipokwisha walinunua manukato, wakaamka mapema, wakashika njia. Tena hawakuwa wakienda kumlaki aliyefufuka. Walikuwa wakienda kuupaka mwili wa marehemu, kazi ya upendo ambayo mwenyewe hawezi tena kuishukuru. Tumaini lao lilikuwa limezikwa tangu Ijumaa, lakini miguu yao ilikuwa ikitembea, na walipoinua macho, jiwe lilikuwa limekwisha kuvingirishwa. Marko wala hafichi kwamba walitoka kaburini mbio, wakitetemeka kwa hofu. Jambo hilo limenifariji kuliko nilivyotazamia, maana hata mimi Pasaka hii imenikuta nikitetemeka.

Basi, ndugu yangu, wewe ambaye mwaka huu umekulemea kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa kukosa kazi au kwa ugumu wa maisha unaozidi kila kukicha, usingoje moyo utulie ndipo usali, usingoje hali iwe nzuri ndipo ukamtazame mgonjwa, wala usingoje aliyekukosea aje kupiga magoti ndipo umsamehe. Amka ungali na swali lako, uchukue manukato yako, ushike njia! Jiwe lina mwenye kuliondoa, naye hajawahi kushindwa na jiwe lolote. Na kama furaha imechelewa kwako, kumbuka kwamba Kanisa huisherehekea Pasaka kwa siku 50, hadi Pentekoste. Tomaso alikaa siku nane katika mashaka, na Bwana akaja tena, milango ikiwa imefungwa, akamwonyesha mikono ambayo hata baada ya ufufuo ilikuwa na alama za misumari.

Kwa wagonjwa naomba uponyaji, kwa wafiwa faraja, kwa walio safarini ulinzi, kwa wazee nguvu, na kwa watoto wetu neema ya kukua katika kimo na hekima. Nawatakia ninyi nyote na jamaa zenu heri, amani na baraka tele za Pasaka. Aleluya tuliyoiweka kando kipindi chote cha Kwaresima imerudi midomoni mwa Kanisa. Nawasihi mtakapoiimba leo, muiimbe pia kwa niaba yetu ambao sauti bado haijaturudia.

Wenu katika Kristo Mfufuka.