Sumaku iliyomo ndani ya mota yako

Morogoro

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wazima, na kazi zipo. Natumai nyumbani Kilosa wote hamjambo na mahindi yamekubali.

Mota ya mashine yako ya kusaga nimeshaifungua yote, na habari zake utazisoma mbele. Kwanza nijibu lile swali uliloniuliza siku ulipoileta, wakati wateja wamejaa mlangoni na sikuweza kukaa na wewe. Ulichungulia ndani ukasema: shuleni tuliambiwa mota inazungushwa na sumaku, mbona humu sioni sumaku? Na hiki chuma cha katikati hakiguswi na waya hata mmoja, umeme unakifikia kwa njia gani? Vijana wanaojifunza kusuka mota, yaani kuviringa upya nyaya zake, hapa kwangu wanaweza kumaliza mwaka bila kuuliza hilo, na mimi naona ndilo swali kubwa kuliko yote katika kazi yetu.

Uliona sawasawa. Sumaku ya kudumu humo hakuna. Sogeza msumari kwenye steta, ile sehemu ya nje isiyozunguka, wakati umeme umezimwa, hauvutwi. Sumaku ya mota yako inazaliwa pale unapowasha swichi, na inakufa ukizima.

Inazaliwa kwenye waya. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, profesa wa Copenhagen kule Denmark, aliona sindano ya dira ikigeuka inapokuwa karibu na waya unaopitisha umeme wa betri. Kilichowashangaza watu wa wakati ule ni namna ilivyogeuka: sindano haikuvutwa na waya wala haikusukumwa, ilijipanga kuukingama. Ukiipeleka dira juu, chini na pembeni mwa waya unagundua kwamba uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake, unauzunguka waya kama duara. Jaribu mwenyewe. Chukua taa ya mbele ya gari na betri yake, laza waya mmoja unaokwenda kwenye taa kutoka kaskazini kwenda kusini, weka dira chini yake, kisha washa. Ampea 1 ikipita kwenye waya, umbali wa sentimita 1 kuna uga wa maikrotesla 20, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya uga. Uga wa dunia nzima unaoielekeza dira hapa kwetu ni karibu 30. Taa ya gari inavuta ampea 4 na zaidi, kwa hiyo waya wako mmoja unaishinda dunia, na utaiona sindano ikilala karibu kabisa kuukingama.

Sasa ukiuviringa waya huo ukawa koili, uga wa kila mzunguko unajumlika na wa mwenzake. Ukiuweka ndani ya chuma, unaongezeka mara mamia. Hiyo ndiyo steta: shaba iliyopakwa vanishi, iliyolala kwenye mifereji ya chuma.

Lakini sumaku iliyotulia haizungushi kitu, na hapo ndipo fezi tatu, yaani zile njia tatu za umeme zinazoingia kwenye mota, zinapofanya kazi yao. Kila fezi ina koili zake, na umeme haufiki kilele kwenye zote kwa wakati mmoja: inaanza moja, inafuata ya pili, kisha ya tatu, na mzunguko huo unajirudia mara 50 kwa sekunde. Umeziona taa za mapambo ya harusi zinavyowaka kwa zamu, ukadhani mwanga unakimbia ukutani, na kumbe kila taa imekaa mahali pake? Sumaku ya steta inakimbia hivyo hivyo. Mota yako ina ncha 4 za sumaku, kaskazini mbili na kusini mbili, hivyo kila mzunguko mmoja wa umeme unausogeza uga nusu duara, na kwa dakika unazunguka mara 1500, na shaba haijasogea hata unywele.

Nikimaliza kusuka, kabla sijamwaga vanishi, huwa naiunganisha steta tupu kwa umeme mdogo kisha naweka ndani gololi ya beringi. Gololi inashika ukuta na kuanza kuzunguka humo ndani, inapanda, inapita juu, inashuka upande wa pili, hakuna kinachoisukuma unachoweza kukiona. Nikibadilishana nyaya mbili za fezi, inageuka na kuzunguka kinyume. Kazi hii naifanya miaka mingi na bado kila mara nasimama kuitazama. Ukija nitakuonyesha.

Nusu ya swali lako imebaki, nayo ndiyo iliyowasumbua wakubwa kwa zaidi ya miaka kumi. Baada ya Ørsted watu walifikiri hivi: kama umeme unatoa sumaku, basi sumaku nayo itatoa umeme. Wakaweka sumaku karibu na nyaya, wakangoja. Kimya. Aliyefumbua ni Michael Faraday wa London, mtoto wa mhunzi, aliyesoma shule kidogo tu na kuanza maisha kama mwanafunzi wa fundi wa kujalidi vitabu. Agosti 1831 alisuka koili mbili kwenye pete moja ya chuma, moja akaiunga kwenye betri, nyingine kwenye kipimo cha umeme. Betri ikiwa imeunganishwa na imetulia, kipimo hakikuonyesha kitu. Sindano ilishtuka pale tu alipounga, na ikashtuka tena, upande wa pili, alipokata. Wiki chache baadaye akaingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa, na kila ilipotembea umeme ukapita. Ikisimama, umeme unakwisha.

Sumaku iliyotulia haitoi umeme, swahiba. Umeme unatoka pale uga unapobadilika. Nakuomba ulishike hilo moja hata kama mengine utayasahau, maana ndilo linalotengeneza umeme wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji: maji yanazungusha sumaku kubwa mbele ya koili, na mitambo 9 inaweza kutoa megawati 2115.

Rudi sasa kwenye rota yako, kile chuma cha katikati kinachozunguka. Ndani ya chuma chake mna fito za alumini, zimeungwa kwenye pete mbili, moja kila mwisho. Sumaku ya steta inazipita fito hizo kwa kasi, uga unabadilika, umeme unazaliwa humo humo ndani ya alumini. Volti zake ni chache, ampea ni mamia. Huo umeme nao, kwa kuwa ni umeme, unazaa sumaku yake, na sumaku mbili zinasukumana. Umeme umezaa sumaku, sumaku imezaa umeme, umeme umezaa sumaku tena, na katikati pana hewa tupu isiyofika hata milimita moja.

Mwaka 1834 mwanafizikia Heinrich Lenz aliweka wazi kwamba umeme unaozaliwa hivi siku zote unapinga kile kilichouzaa. Rota inapinga kupitwa, basi inaufuata uga mbio. Na kamwe haiufikii. Soma kibati cha mota yako: kimeandikwa mizunguko 1440 kwa dakika, si 1500. Ingefika 1500 uga usingezipita tena fito, umeme ungekwisha na nguvu ingekwisha. Ukimimina mahindi mengi, rota inachelewa kidogo zaidi, uga unazipita fito kwa kasi zaidi, umeme unaongezeka na nguvu inaongezeka, yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Mota ya fezi tatu yenye rota ya namna hii ilitengenezwa na mhandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mwaka 1889, na hadi leo sijaona haja ya kuibadilisha.

Kwa hiyo pia unajua kwa nini mota iliyokwama inaunguruma na kuchemka. Rota imesimama, uga unaipita kwa kasi yote, na ampea zinapanda mara 5 hadi 7. Kijana wako akisikia mngurumo huo azime hapo hapo, asingoje kinu kijifungue.

Yako haikukwama lakini. Koili za fezi mbili zimeungua nyeusi, za fezi ya tatu bado zina rangi yake, na mota hii imefungwa kwa nyota, yaani koili za fezi tatu zimeungwa pamoja mwisho mmoja. Maana yake fezi moja ilikatika, labda fyuzi au skrubu iliyolegea, na mashine ikaendelea kusaga. Kwa nyaya mbili uga hauzunguki, unapwita mahali pamoja. Rota iliyokwisha kushika kasi inaendelea kuzunguka, ila fezi mbili zinabeba mzigo wa tatu hadi vanishi inaungua. Ndiyo sababu ulinunua fyuzi na bado mota ikaungua: fyuzi ya fezi zilizobaki inaweza kuvumilia ampea ambazo koili haziwezi.

Nitaisuka yote upya, si hizo mbili tu, na beringi ya upande wa puli nabadilisha. Wewe nunua kontakta (swichi inayovutwa na umeme) na ovalodi (kifaa cha kuzima mota ikizidiwa) yenye uwezo wa kuzima mota fezi moja ikipotea, na uiseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati, usiongeze hata kama fundi wa huko atakushauri. Kaza skrubu zote za swichi kuu umeme ukiwa umezimwa. Njoo Jumamosi mapema kabla wateja hawajafika, na uje na binti yako anayesoma sayansi, aione gololi.

Nisalimie shemeji na wazee wote.

Wako,
Fundi wako wa Morogoro