Mhariri, kwenye hesabu za kuku na mbuzi mnasahau vifo

Mhariri salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ni mfugaji mdogo, nina kuku wa kienyeji kama 30 hivi na mbuzi 9, na leo naandika kwa ajili ya zile makala za ufugaji mnazotoa, zile za anza na mitetea 10 halafu baada ya mwaka una kuku 480. Ya mwisho nimeirudia mara tatu. Mtetea mmoja mayai 12, anaatamia siku 21, vifaranga 12, mara nne kwa mwaka, zidisha kwa 10. Sawa, kuzidisha mmezidisha vizuri, lakini kwenye hesabu nzima hakuna hata kifaranga mmoja aliyekufa, hakuna yai lililoharibika, na neno chanjo sijaliona popote.

Jamani vifaranga wanakufa. Kwangu mtetea akiangua 10 nikifikisha 6 mpaka miezi miwili nashukuru sana, na hapo nawatenga ndani pamoja na mama yao siyo kuwaachia tu, maana zile wiki za kwanza kuna mwewe, kuna kicheche, kuna mvua ya usiku mmoja ikipenya bandani asubuhi unakuta watatu wamekakamaa, na ukiacha sakafu ibaki na unyevu wanaanza kuhara damu.

Ila kilichonifanya niandike ni mdondo, wengine mnauita kideri. Na mimi nilianza kwa kuamini hesabu kama hizo. Nikafika kuku 42. Jumatatu asubuhi nafungua banda wote wanatoka mbio kasoro mtetea mmoja kasimama kona, mabawa yameshuka, macho kafumba, na chini yake kinyesi cha kijani. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo nikaeleza, nikauziwa antibiotiki, nikawawekea kwenye maji nikijua nimewahi. Jumatano wamekufa wanne, wengine shingo zimepinda kabisa wanazunguka palepale, ukimwekea punje anadonoa pembeni hafikii mtama. Jumapili nilikuwa na kuku 3. Watatu tu kati ya 42! Baadae ndo mtaalamu wa mifugo akaniambia mdondo ni kirusi, antibiotiki haikigusi, ugonjwa umetambuliwa tangu 1926 na mpaka leo hauna tiba, kuna chanjo tu, na chanjo yenyewe unatoa kabla haujaingia, siyo siku ile unaona kuku kasinzia. Yule aliyeniuzia dawa alikuwa na chanjo hiyohiyo kwenye friji yake, mwaka mzima nanunua kwake hajawahi kuniuliza kama nimechanja.

Na kuchanja kwenyewe siyo kazi ngumu kiasi cha kuogopa. Usiku kuku hawajatoka, unamtoa mmoja mmoja, unambana kwapani taratibu, unalaza kichwa, tone moja kwenye jicho moja, unasubiri apepese ndo unamwachia, maana ukimwachia haraka anatikisa kichwa tone linadondoka chini na wewe unahesabu umechanja. Kifaranga tone moja, jogoo tone moja. Unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Kinga inachukua kama wiki mbili kukaa sawa kwa hiyo ukisikia kijiji cha pili wanakufa ndo unaanza kutafuta chupa umeshachelewa kidogo. Mgonjwa humchanji, na kuku mgeni unamtenga kwanza wiki mbili kabla ya kumchanganya na wako.

Tatizo letu wenye kuku wachache ni chupa. Chupa moja inatosha kuku mia na kuendelea, ukishaifungua na kuchanganya haikai mpaka kesho, sasa mwenye kuku 15 anaona ni hasara anaacha. Dawa yake ni majirani kuungana mnanunua moja mnazunguka nyumba kwa nyumba siku hiyohiyo, na ina faida nyingine kwamba kuku wa jirani ambaye hajachanja ndo huyohuyo anayekuletea ugonjwa kwako, hawana mipaka hawa. Hili ndo jambo la kuandika gazetini jamani, lingeokoa kuku wengi kuliko zile hesabu.

Mbuzi nao mnawaandikia wanazaa mapacha mara mbili kwa mwaka. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, siku 150 hivi, halafu ananyonyesha, mwili urudi ndo apandwe tena, ukimtunza vizuri sana utapata mizao mitatu kwa miaka miwili. Na wa kwanza mara nyingi ni mtoto mmoja. Mtu akikopa hela kwa hesabu yenu huyo mbuzi hatamlipia deni.

Kwangu mbuzi wengi nimewapoteza kwa minyoo ile ya tumboni inayonyonya damu. Unamwona anakula, anatembea, siku mbili tatu anabaki nyuma ya wenzake, kesho yake kalala haamki. Siku hizi kila Jumamosi namshika mmoja mmoja, nafunua kope ya chini ya jicho naangalia ndani, ikiwa nyekundu mzima huyo, ikiwa imepauka inaelekea nyeupe huyo anaisha damu, na ukipapasa chini ya taya wakati mwingine unakuta uvimbe laini kama mfuko wa maji. Dawa nampa anayehitaji, kwa uzito wake, siyo wote kila mwezi maana minyoo inaizoea dawa mwisho haifi tena. Na asubuhi siwafungulii mpaka umande ukauke, vile vijidudu vinapanda kwenye majani mabichi yenye maji mbuzi anavila navyo. Kazi ya dakika tano kwa mbuzi, tangu nianze sijazika mbuzi kwa minyoo.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Endeleeni kutoa hesabu kama wasomaji wanazipenda, ila wekeni mstari wa vifo na mstari wa chanjo na dawa, na kila baada ya miezi mitatu mtutolee kijisanduku kwenye ukurasa wa kilimo kinachosema wiki hii ni ya chanjo ya mdondo, nikate nibandike mlangoni kwenye banda. Sisi zamu yetu ni keshokutwa, tumejikusanya nyumba 6, kuku jumla 113, chupa tunaichukua jioni kwenye chombo chenye barafu na tunaanzia kwa jirani wa bondeni kwa sababu kuku wake ndo wanalala mapema.

Mfugaji mdogo, msomaji wenu