Kengele ya kaboni monoksaidi iwe karibu na tulalapo

Ndugu Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai hapa Njombe hutufanya tulale na jiko la mkaa chumbani, tukidhani kwamba makaa yakishakolea na moshi ukaisha, basi hatari nayo imekwisha, ilhali kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, bado inatoka. Anayemudu kununua kengele ya kuitambua hewa hiyo, namsihi asiifunge juu ya jiko wala kuificha nyuma ya pazia. Iwe karibu na mlango wa chumba cha kulala, mlio wake umfikie hata aliyejifunika mablanketi mawili hadi kichwani, na kitufe cha kuijaribu kibonyezwe kila mwezi. Jiko lenyewe libaki nje usiku kucha, hata kama kengele ipo.

Msomaji wako,
Njombe